Aliyesema Tanki Limejaa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Melchior anainama kando ya gari la zimamoto na kuligonga tanki kwa spana. Anaanza chini, anapanda polepole mpaka juu, sikio karibu na bati. Penye maji mlio ni mzito. Pasipo na maji, bati linalia.

"Imejaa," anatangaza. Kisha anarudi chini, anagonga tena. Na tena.

Wenzake katika kituo hiki kidogo kaskazini mwa Bujumbura humcheka. Utaratibu unataka anayeingia zamu agonge mara moja na kutamka neno hilo mbele ya mkuu, basi. Hakuna anayelikagua. Melchior, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ndiye pekee anayegonga mara tatu. Wanadhani ni uangalifu. Wamekosea, ni aibu.

Ilikuwa Juni mwaka jana, 2001. Kwao Cibitoke bomba lilikuwa limekauka siku nne, na Jumamosi hiyo wakwe walikuwa wanakuja kumposa mdogo wake, Orlane. Wageni arobaini, na nyumbani hakuna maji hata ya kunawa mikono.

"Wakwe wakose maji ya kunawa, mbele ya baba yangu? Apana," anasema. "Njo nikapitisha gari kwetu asubuhi, zamu haijaanza. Nikajaza mapipa sita. Nikasema nitajaza tena ku kituo, mutu hatajua."

Mapipa sita ni lita elfu moja na mia mbili, karibu nusu ya tanki. Aliporudi, bomba la kituo nalo lilikuwa kavu. Mkuu wao, Adolphe, alikuwa amesimama mlangoni akingoja neno. Melchior aligonga chini tu, palipokuwa na maji, akasema imejaa.

Saa nane mchana siku hiyo hiyo wakaitwa Carama. Risasi zilikuwa zimelia upande wa milimani, na mjane mmoja, Caritas, alikimbia na watoto wake wanne akaacha jiko la makaa likiwaka. Moto ukashika pazia, ukapanda darini.

"Vyumba viwili tulivizima," Melchior anasimulia, macho chini. "Tukafika ku ya tatu, mpira ukakohoa. Ukakohoa tena, kimya. Shefu akaniuliza ni nini. Nikasema pompe imekwama."

Chumba hicho cha tatu kilikuwa na cherehani iliyowalisha watoto, na picha za mume wa Caritas aliyeuawa mwaka 1993. Vyote viliteketea, na hana picha nyingine za mumewe. Fundi wa kituo, Landry, aliifungua pampu nzima kwa siku mbili akitafuta ubovu ambao haukuwepo. Melchior alikuwa akimpokeza spana.

Wiki moja baadaye Caritas alifika kituoni na mkungu wa ndizi kichwani. Alikuja kushukuru.

"'Mulifanya yenye muliweza, watoto wangu,' alituambia. Akanishika mukono, mi wa kwanza. Wenzangu wakakula. Mi nilisema tumbo inaniuma."

Tangu siku hiyo huja karibu kila mwezi, na mihogo, na maharage, chochote alichovuna. Akionekana barabarani, Melchior huingia uvunguni mwa gari kujifanya anakaza nati. Mtu mzima huyu, mwenye mke na watoto watatu, hulala chali kwenye mafuta machafu mpaka mjane aondoke.

Kwa nini hajasema? "Shefu atanifukuza, hiyo najua. Lakini si hiyo. Naogopa uso wa ule mama. Nilikimbia haya ya siku moja mbele ya wakwe. Hii ingine naamuka nayo kila siku."

Tulipoanza mazungumzo aliomba jina lake lifichwe, nami nilikubali. Sasa ninapofunga daftari, anauliza gazeti linatoka lini.

Ijumaa, namwambia.

Anaifunga spana ndani ya kitambaa, anaifungua tena. Caritas hajui kusoma, anasema, lakini mwanawe mkubwa, Régis, humsomea kila karatasi inayoingia nyumbani.

"Basi andika jina. Andika yote, Melchior Bigirindavyi. Shefu nitamwambia kesho asubuhi, kabla sijagonga tanki. Na siku ya Alhamisi nitaenda Carama kwa miguu. Yule mama asinisikie ku gazeti. Anisikie mi mwenyewe, akiwa ananiangalia."