Mwanamke wa Alhamisi

Mume wangu alianza kumeza dawa zake vizuri mwaka ule alioanza kwenda kwa mwanamke mwingine. Nasema mwanamke mwingine kwa makusudi, ingawa alikuwa mwanasaikolojia mwenye ofisi karibu na uwanja wa Flagey, na daktari wetu ndiye aliyemtuma kwake. Kila Alhamisi saa nane mchana mume wangu alipanda basi kutoka mtaani kwetu Saint-Josse, akaenda kuzungumza naye saa nzima. Mimi, mke wa miaka kumi na tisa, niliyemzalia watoto watatu, nilikuwa naambulia salamu ya asubuhi na "funga dirisha".

Wote wawili tunaishi na virusi vya UKIMWI. Tulipimwa siku moja, baada ya kufika huku ughaibuni kutoka Bukavu, na nani alimwambukiza nani hatujawahi kuulizana. Mimi kidonge changu nakimeza na chai ya asubuhi, basi, nakimbilia kazini. Yeye ndiye aliyekuwa mtihani. Huzuni ilimshika, akawa analala mchana kutwa, simu za ndugu hapokei, na vidonge vyake nilivikuta kwenye mfuko wa koti, kwenye chungu cha maua, mara moja ndani ya kiatu. Daktari alituonyesha kipimo cha damu: virusi vinapanda. Akiendelea kuruka siku, alisema, dawa hizi zitaacha kumfaa.

Nafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Molenbeek. Kuna wazee wajanja wanaoficha kidonge chini ya ulimi, kwa hiyo tumezoea: kunywa maji, fungua kinywa, inua ulimi. Nikauleta utaratibu huo nyumbani. Kwa miaka miwili, kila asubuhi, nilimsimamisha mume wangu mbele ya sinki nikamchungulia kinywani. Kuna siku alinishinda ujanja, kidonge nikakikuta kwenye pipa la taka, lakini siku nyingi alitii. Nilijiona mimi ndiye niliyeshika uhai wake mkononi, na sitaficha, nilipenda.

Halafu akaja huyo wa Alhamisi. Hata miezi mitatu haijaisha, mume wangu akaniambia nisimsimamie tena, atameza mwenyewe. Na akameza. Virusi vikashuka. Daktari akamsifu mwanasaikolojia, akamsifu mgonjwa, na mimi nikabaki kwenye kiti changu kama mwavuli uliosahauliwa na mtu. Nilipaswa kufurahi. Badala yake roho iliniuma. Maneno niliyoyabembeleza miaka yote, mwanamke yule aliyapata kwa kukaa tu na kusikiliza, tena kwa Kifaransa cha mume wangu kinachochechemea. Nilianza hata kunusa shati lake akirudi. Lilinuka harufu ya basi tu.

Jumatano moja asubuhi sikuwa na zamu. Mume wangu alikuwa anaoga, simu yake ikalia, nikapokea. Katibu wa ile ofisi alisema kwa upole kwamba mwanasaikolojia amepata dharura, kesho hatakuwepo, mume wangu aende Ijumaa saa nne asubuhi. Nikajibu kwamba nitamfikishia. Nikakata, nikaifuta ile namba isionekane kwenye simu. Alipotoka bafuni nikajitia hamnazo, nikamwekea chai. Nilijiambia kwamba akimkosa mara moja tu, atarudi aongee na mimi.

Alhamisi alirudi mapema. Alikuta mlango umefungwa, kengele haijibiwi. Hakumpigia simu mtu yeyote kuuliza. Mtu aliyezoea kuachwa haulizi. Alivua viatu, akazima simu, akapanda kitandani. Ijumaa ikapita. Alhamisi nyingine ikapita. Mimi nilijua, na nilinyamaza karibu wiki tatu. Siku moja nilifungua kopo la dawa zake, nikalikuta limejaa vilevile. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika hiki changu aliyeingia ni yeye.

Nilikaa kando ya kitanda nikamwambia yote: simu, Ijumaa, namba niliyoifuta. Nikamwambia nina wivu. Nilitegemea anigeuzie mgongo kama kawaida yake, lakini aliinuka akakaa.

"Mie nilizani ule mama amenichoka," alisema. "Nilisema, bon, hata yeye."

Kisha akaongea, na hakunyamaza mpaka jua likahama dirishani. Alinieleza habari za mdogo wake aliyemwacha njiani wakati wa vita, jambo ambalo katika miaka kumi na tisa sikuwahi kulisikia. Mwishoni akafika kwangu.

"Unajua juu ya nini nilikuwa natupa ile dawa? Kila asubuhi unaniambia nifungule kinywa, sawa mutoto. Ile kidonge ilikuwa yako, maman, haikukuwa yangu. Nilikuwa natupa yako."

Nilikuwa nimeyatamani maneno yake. Yalikuja yote kwa mpigo, kwa Kiswahili cha nyumbani, na sikupata hata moja la kujifariji nalo.

Siku hiyohiyo aliomba namba, nikamsomea kutoka kwenye barua ya daktari, akapiga mwenyewe nikiwa nimesimama pale. Alimwambia katibu kwamba ujumbe ulipotea nyumbani. Hakunitaja. Kesho yake alimeza kidonge jikoni, mlango ameufunga, na mimi nikabaki ukumbini nimejishika mikono. Kipimo kilichofuata kilionyesha virusi vimepanda tena. Ilichukua miezi mitano kushuka, na hofu ya miezi hiyo mitano niliibeba mimi, kwa sababu ilikuwa yangu.

Bado anakwenda kila Alhamisi. Wivu haujaniisha, na sitamdanganya mtu kwamba umeisha. Juzi uzalendo ulinishinda, nikamwuliza kama huko huwa anamweleza yule mwanamke habari zangu.

"Kila Alhamisi," alisema.

Sikuthubutu kuuliza anasema nini.