Mluzi na Kompyuta ya Mama

Juzi, hapa Geita, kompyuta ya ofisini iligoma kuwaka. Ilitoa milio mitatu mifupi, ikanyamaza, na mimi nikajikuta nimerudi utotoni Maganzo, sebuleni kwetu, kwenye harufu ya vumbi lililoungua.

Mama alikuwa amenunua kompyuta ya mtumba ili afungue steshenari. Mchana ule, kila alipoiwasha, feni ilivuma, milio mitatu ikasikika, kioo kikabaki cheusi. Baba, mchimbaji wa almasi, aliizunguka kama shimo lililokataa kutoa jiwe.

"Nani kapiga mluzi humu ndani?"

Machimboni kwao mluzi ulikuwa mwiko. Walisema unafukuza almasi.

"Baba Kulwa, hili siyo shimo," mama alisema kwa uchovu.

"Nimeuliza, nani kapiga?"

Nilikuwa mimi. Nikafukuzwa nje, nikakaa juani nikiisikia milio ile dirishani, nikiamini kabisa kwamba mashine ilikuwa inanisemea kwa baba. Jioni mama aliifunika kwa khanga. Steshenari haikufunguliwa, na mimi sikupiga mluzi tena.

Fundi wa juzi alifungua kasha, akachomoa kipande cha memori, akakisugua kwa kifutio cha penseli, kama kile kilichokuwa kwenye mkoba wangu wa shule siku ile. Akakirudishia. Mashine ikawaka palepale.

Hasira zikanipanda. Muda wote aliokuwa akisugua, yule kijana alikuwa anapiga mluzi.