Day trip ya treni Nairobi hadi Kibwezi: nilipanga kila kitu isipokuwa kuku

Wakuu, habari zenu. Mimi ni susu wa watu, yaani nyanya, kwangu ni Kilungu, na umri wa kudanganya watu nimeupita. Kila siku naona mtu humu anauliza ukipanda treni Nairobi unaweza kwenda wapi na kurudi siku hiyo hiyo.

Nitawaambia. Lakini someni mpaka mwisho, msikimbilie kubook.

Dada yangu mkubwa anaitwa Kalondu, anakaa Kibwezi. Macho yake yamekwisha, anaona kivuli tu. Mjukuu wangu pia ni Kalondu, alipewa jina lake. Na hawa wawili walikuwa hawajawahi kukutana.

Sasa kijana wangu alipata kazi Canada, na mke wake Faith alikuwa anamfuata na mtoto. Ikabaki Jumamosi moja tu.

Kwetu mtoto haendi mbali hivyo kabla mwenye jina hajamshika na kumtemea mate ya baraka. Ni mate kidogo tu, watu wa mjini msikunje uso.

Faith alikunja. Akasema, "Sawa Mum, lakini jioni awe nyumbani. Asilale huko. Tuna packing."

Nikasema basi ni treni. Nikapanga mwenyewe. Tunaenda na ile ya asubuhi inayosimama stesheni ndogo ndogo, tunarudi na mwenzake inayotoka Mombasa. Shida ni kwamba hizi mbili zinapishana huko huko upande wa Kibwezi. Katikati unapata nafasi ya kusalimia watu na kunywa chai, basi.

Nikaona inatosha. Nikapiga simu. "Dada, kuku awe ameiva tukifika."

"Nichinjie mgeni ambaye sijamsikia mlangoni? Kwani ni matanga?"

Nikadhani ni mdomo tu.

Siku ikafika. Pale stesheni ya Syokimau wanataka kitambulisho, na mizigo mnaipanga chini mbwa anuse. Mbwa alisimama kwa mkoba wangu wa avocado mpaka nikamuuliza askari kama huyu naye anashuka Kibwezi. Hakucheka.

Treni yenyewe sina neno nayo. Ni safi, na hairushi mgongo. Nilimwonyesha mtoto milima ya kwetu kwa dirisha, akasema ni midogo. Nikachukua biskuti zake.

Kibwezi tukashuka, boda ikatupeleka mpaka kwa dada. Na nani anatupokea uani? Kuku. Mzima kabisa, anakula mtama.

"Dada, treni inakuja!"

"Ikuje."

"Mbariki mtoto twende, kuku utakula wewe."

"Nimtume Canada na njaa ya kwangu? Wewe ulilelewa wapi?"

Tulilelewa nyumba moja, wakuu. Lakini hapo ungejibu nini?

Kuku naye akakataa kushikwa. Mimi na goti langu bovu, mtu wa boda na helmeti yake, tunazunguka boma. Na yule asiyeona ameketi kwa kigoda akituelekeza kwa masikio: "Amepita nyuma ya choo! Si huko, nyinyi ndio vipofu?"

Sufuria ilikuwa inaanza tu kuchemka nikasikia honi ya treni upande wa stesheni. Hiyo ndiyo ilikuwa yetu.

Nikampigia Faith. "Mum, si uliniahidi?" Dada akanyoosha mkono apewe simu.

"Mama Kalondu, mtoto hajala. Akishakula atakuja. Wewe utamwona kila siku. Mimi ni leo tu."

Nikasikia Faith akijibu, "Basi ale vizuri, Susu."

Mtoto akapewa maini, akala mpaka mafuta yakafika kidevuni. Ndipo dada akamvuta karibu, akampapasa uso polepole. "Masikio ni yangu," akasema. Akamtemea kwa paji la uso. "Nenda, Kalondu. Sasa hata mimi nimepanda ndege."

Mimi nilijifanya naosha sahani.

Tulirudi na basi la Mombasa Road, na giza lilikuwa bado halijaingia sana. Faith alikuwa stage anangoja, wet wipes ziko mkononi.

"Alikutemea wapi?"

Mtoto akaonyesha. Faith akachomoa moja, akaishika, akamwangalia. Kisha akampangusa kidevu, pale kwenye mafuta. Paji la uso akaliacha.

Kwa hivyo mnaouliza: Kibwezi inawezekana. Enda na treni, rudi na barabara. Na usiangalie saa ya treni kabla hujauliza kama kuku bado anatembea.

Sasa niambieni, kwenu mgeni mwenye haraka huwa mnamwachilia, ama na nyinyi mnamfungia mpaka ale?