Dereva Aliyeandika "Nimefika" Kabla ya Kufika

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, dereva wa gari la mikate anasukuma kreti la mwisho, anafunga mlango wa nyuma nusu, kisha anazima simu yake na kuitia ndani ya kreti tupu. Akiwa kwenye usukani, mkono wake hauwezi kuifikia.

"Mama Mikate, umeiadhibu tena?" anauliza mlinzi.

"Imelala. Wewe fungua geti."

Ana miaka arobaini na mitatu na watoto watatu. Kwa miaka kumi alipeleka mikate katika maduka ishirini na sita kila siku bila kukwaruza hata kioo cha pembeni.

Kosa lilianzia katika mazoea ya kazi yenyewe. Karani wa oda alitaka kila dereva atume neno "nimefika" kwa kila duka, na aliyechelewa alipigiwa simu papo hapo. Madereva wakabuni njia ya mkato: walituma neno hilo duka likiwa bado mitaa miwili mbele.

"Tulijiona wajanja," anasema. "Nilikuwa naandika kwa kidole gumba, najiambia sitazami. Kumbe natazama."

Asubuhi moja, miezi saba iliyopita, aliinua macho kutoka kwenye neno hilo akamwona mtu katikati ya kivuko. Alikanyaga breki, lakini gari likamgonga mguu wa kulia na kumwangusha. Mtu huyo alikuwa fundi cherehani, akienda kufungua kibanda chake.

"Ujumbe ulikuwa umeshakwenda. Karani anajua nimefika. Mimi nimepiga magoti barabarani, nimeshika kichwa cha mtu."

Aliwaeleza polisi ukweli kabla hawajamuuliza. Leseni yake ilizuiwa kwa miezi minne, naye akahamishiwa chumba cha kufungasha mikate. Hayo, anasema, aliyameza. Kilichomnyima raha ni kwamba fundi hushona kwa cherehani ya kukanyaga, na mfupa ulikuwa umevunjika karibu kabisa na kifundo. Daktari alionya kwamba kifundo huenda kikakaza.

"Nikawa najiuliza, nimemvunja mguu au nimemvunja kazi?"

Kila Jumapili alikwenda kumjulia hali. Majuma ya mwanzo mke wa fundi alimpokea mlangoni. "Aliitikia salamu, kiti hakunipa. Sikumlaumu."

Jumapili iliyopita kiti alipewa. Siku hiyo fundi aliketi mbele ya cherehani kwa mara ya kwanza tangu ajali na kuweka mguu wa kulia juu ya kikanyagio. Gurudumu lilizunguka, likakwama, likazunguka tena. Alishona hivyo mpaka akamaliza pindo zima la pazia.

Mke wake akaliinua kwenye mwanga. "Mshono umepinda."

"Ulikuwa ukipinda hata kabla ya ajali," fundi akamjibu.

Wote watatu walicheka. Dereva alicheka hadi machozi yakamtoka, na yalipoanza hayakukatika upesi.

Kiwandani nako mambo yamebadilika. Karani haruhusiwi tena kupigia gari lililo njiani. Dereva ndiye humpigia, akiwa ameegesha.

"Mwanzoni nilinung'unika," karani anakiri. "Mikate inachelewa dakika kumi. Lakini sijasikia aliyekufa kwa kusubiri mkate."

Jumamosi ijayo, madereva wa kiwanda jirani cha maziwa wamemwalika dereva huyu awasimulie yaliyompata. Hajawahi kusimama mbele ya watu, hivyo alimwomba fundi amsindikize, akaahidi kumkodia teksi.

"Teksi ya nini, mama, na leseni umerudishiwa?" fundi alimuuliza. "Njoo unichukue wewe. Nitakaa mbele."

Tangu aambiwe hivyo, dereva ameipita njia ya kutoka kwa fundi hadi kiwanda cha maziwa mara mbili, peke yake, polepole.

"Ina vivuko vitano," anasema. "Nitasimama kwenye kila kimoja, hata kama hakuna mtu."