Mashine Aliyoichagua Salvina

Salvina alifundisha lishe na malezi katika chuo cha elimu ya watu wazima, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, njia ya kwenda Ibadakuli. Wanafunzi wake walikuwa kina mama wa vijijini, wengine wakimzidi umri kwa mbali, na wote walimwita Mama Justa. Ukimwona akipita na kanga imekazwa kiunoni, chaki mkononi, ungedhani ni mtu asiyekosa kitu duniani. Ungekosea sana. Alikuwa na hamu ya mtu mmoja, na hamu hiyo ilikuwa imelala naye na kuamka naye tangu ujana wake.

Mtu huyo ni Pantaleo, mumewe. Kwao Mhunze, Pantaleo alisifika kwa plau. Maksai wake walimsikia kwa mluzi tu, fimbo alikuwa anaibeba kama pambo. Ndiyo maana mwaka wa sitini na tano, watu wa kilimo walipokuja na kamera kutengeneza filamu ya kuwafundisha wakulima wa pamba, bwana shamba hakuhangaika, aliwapeleka moja kwa moja kwa Pantaleo. Mwaka uliofuata gari la sinema likapita. Shuka jeupe likatundikwa kwenye ukuta wa ghala, kijiji kizima kikamwona Pantaleo akilima ukutani, huku Pantaleo mwenyewe amekaa chini kando ya mkewe, kajiziba mdomo kwa kiganja, anacheka kwa aibu. Filamu ile ilisema nini kuhusu pamba, Salvina hakumbuki. Anachokumbuka ni bega la mumewe likitikisika kwa kicheko, limegusana na lake.

Miaka miwili baadaye mvua iligoma, pamba ikakauka, na Pantaleo akasema anakwenda Nyarugusu kujaribu bahati kwenye mashimo ya dhahabu. Msimu mmoja tu, alisema. Salvina alikuwa na mimba. Msimu ukapita na mwingine ukafuata. Wakaja watu wakasema shimo lilimfukia. Wakaja wengine wakasema wamemwona Geita, ana mke mwingine na duka la sabuni. Salvina alikwenda Nyarugusu mwenyewe, mtoto mgongoni, akauliza shimo kwa shimo, na wachimbaji wakamtazama kwa huruma bila kumpa jibu. Basi hakuomboleza, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kaburi, na hakuolewa tena, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwa uhakika kwamba hana mume.

Picha ya Pantaleo hakuwa nayo hata moja. Kupiga picha siku zile ilikuwa safari ya mjini, na wao walikuwa wakisema mwakani. Mtoto wao, Justa, alipoanza kuuliza baba yake alikuwaje, Salvina alimwambia ni mrefu, mweusi, ana mwanya. Justa akasema hivyo ndivyo alivyo mwalimu mkuu, na ndivyo alivyo mzee wa posta. Salvina akacheka, kisha akaenda jikoni akalia.

Sasa, katika stoo ya chuo kulikuwa na kopo la bati lenye mkanda wa filamu. Idara ya kilimo ilipofunga ofisi yake ya zamani, vitu vyake vilitupwa humo, na Salvina aliligundua kopo hilo siku alipotumwa kufagia. Juu yake pameandikwa kwamba ni filamu ya kilimo cha plau, Mhunze. Mashine ya kuionyesha haikuwapo. Alikuwa na mumewe ndani ya kopo na hana namna ya kumtoa.

Ndipo katikati ya mwaka wa themanini na mbili akaja Bruda Otmar, fundi wa misheni kule Ushirombo, na gari lake lenye mashine mbili. Misheni ilikuwa imezipata kwa wafadhili. Moja ilikuwa projekta ya slaidi, inayoonyesha picha moja moja zilizosimama. Ya pili ilikuwa projekta ya filamu, yenye picha zinazotembea. Chuo kichague moja, alisema Bruda, nyingine itakwenda kwa kina mama wa Mhunze.

Walifunika madirisha ya darasa kwa mablanketi ya bweni, wanafunzi wakajazana. Ilianza ya slaidi, imeungwa kwenye betri ya gari. Ukutani akatokea mtoto mwenye tumbo kubwa na nywele zilizobadilika rangi. Eufrasia, mkubwa wao wote, mama aliyezika wajukuu wawili, aliinuka akaenda mpaka ukutani. Akaigusa ile miguu iliyovimba. Akauliza, akajibiwa, akauliza tena, na picha ikawa bado ipo.

"Mayu, mama," Eufrasia alimwambia Salvina, "hii inamsubiri mtu."

Kisha jenereta ya chuo ikakohoa, ikawaka. Bruda akasema hana filamu ya kujaribia. Salvina aliondoka darasani bila kuaga na kurudi na kopo kifuani.

Pantaleo alitokea akiwa ameshika nira, uso kwa uso na watu, ana mwanya wake, hajazeeka hata siku moja. Akaachia nira, akageuka, akapiga mluzi. Maksai wakavuta. Akaenda nao, mgongo ukizidi kuwa mdogo, mpaka akawa doa mwisho wa shamba na vumbi likamfunika. Filamu ikaisha. Salvina alikuwa amesimama nyuma ya darasa, na moyoni alisikia kitu kile kile alichokisikia siku Pantaleo alipokata kona ya njia ya Nyarugusu.

Bruda Otmar alikuwa mtu wa utani. Badala ya kuzima taa ya mashine, alibonyeza swichi mkanda urudi kinyumenyume huku unaonekana. Darasa zima likaangua kicheko. Maksai walitembea kwa matako, plau ikawa inafunika ardhi badala ya kuifungua, na mwanamume yule akatoka katika vumbi akija kwa mgongo, anakaribia, anakua, mpaka akageuka na kuwatazama. Wanawake walipangusa machozi ya kicheko. Ya Salvina hayakuwa ya kicheko, ila gizani nani angejua tofauti.

Kamati ya chuo ilikaa mchana ule ule. Nayo ilikuwa kamati ya watu watatu: mkuu wa chuo Valerian, ambaye hakupenda kuamua jambo kama kuna mwingine wa kuliamua, mwalimu wa kilimo Maduhu, na Salvina.

"Ya slaidi inataka betri tu," alisema Maduhu, "na betri naweza kuichaji kwenye trekta. Hiyo nyingine inakula dizeli. Dizeli, mkuu, hali yake unaijua mwenyewe."

Valerian akamgeukia Salvina. "Mama Justa, wewe ndiye utakayeitumia zaidi. Tuambie."

Salvina alijua jibu. Alikuwa bado anauona mkono wa Eufrasia ukutani. Lakini alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kitu kingine. Akasema mtu mzima hajifunzi kwa kutazama sanamu. Akasema uji haukorogwi ukiwa umesimama, mtoto haogeshwi akiwa amesimama, maisha yenyewe yanakwenda. Alisema vizuri mno, hata yeye mwenyewe karibu aamini. Maduhu alimtazama kwa muda, kisha akainamisha kichwa na hakubisha tena. Kwa hiyo mashine ya slaidi ikapanda gari kwenda Mhunze, na ya filamu ikabaki.

Siku hiyo Salvina alituma salamu Tabora, Justa alikokuwa anasoma sekondari: likizo ukija, utamwona baba yako.

Mashine ile ilifanya kazi kwa maonyesho ya kuhesabika. La mwisho lilikuwa jioni moja ya wanakijiji wote wa jirani. Pantaleo alilima, akaondoka, akafunikwa na vumbi, na pale pale jenereta ikakata roho kwa kukosa dizeli. Mkanda haukurudishwa. Ulibaki umejiviringisha mwisho wake ukiwa juu, Pantaleo yuko mwisho wa shamba, mgongo kwa watu. Mwaka ule nchi nzima ilipanga foleni na madebe mkononi, na chuo cha kina mama hakikuwa cha kwanza wala cha kumi kukumbukwa. Salvina akarudi kwenye chaki. Alimchora yule mtoto mwenye tumbo kubwa ubaoni akatoka kama chungu, wanafunzi wakacheka kwa adabu.

"Mwalimu," Eufrasia aliuliza, "ile iliyokuwa inasubiri ilikwenda wapi?"

"Ilikwenda Mhunze, mama."

"Haya. Wao wamebahatika."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana ilimchoma. Baada ya kipindi Salvina alimkuta Maduhu akifunga nira nyuma ya zizi la chuo, akamwambia kwamba siku ya kamati alisema uongo.

"Najua," alisema Maduhu. "Mimi ni mtoto wa Mhunze, Mama Justa. Pantaleo nilimtambua alivyoshika nira tu. Ningembishia nani? Wewe, mkewe?"

Justa alifika na treni ya kutoka Tabora mwezi wa Desemba. Alikuwa amerefuka, na swali alilokuja nalo lilikuwa moja.

"Shikamoo mama. Ni lini?"

Salvina aliitikia marahaba, akampokea mzigo. Alikuwa amezunguka Shinyanga nzima na debe: gereji, kiwanda cha pamba, misheni. Amerudi na debe lililokuwa jepesi kama alivyoondoka nalo. Alipomweleza, Justa hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu, "Darasa zima la kwetu nimewaambia nakuja kumwona," kisha akageukia ukuta. Salvina aliketi kitandani kwake akitamani mwanawe amtukane. Aliwanyima kina mama wa watu mashine yao kwa ajili ya mtoto huyu, na mtoto mwenyewe kakosa pia.

Asubuhi yake alimshika mkono wakaenda chuoni. Darasa lilikuwa tupu, jua limeingia lote. Salvina alitoa gurudumu la mkanda kwenye mashine, akaushika mwisho wake na kuuinua dirishani. Ndani ya mkanda mlikuwa na vipicha vimepangana kimoja baada ya kingine, kila kimoja si kikubwa kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Justa alisogeza jicho mpaka karibu aguse.

"Naona vumbi."

"Vuta."

Justa akavuta, taratibu, mkanda ukamwagikia miguuni mwao. Vumbi, vumbi, vumbi. Kisha akasimama.

"Kuna doa."

"Vuta tu, mwanangu."

Doa likapata miguu. Likapata mgongo, na shati lililochanika begani, ambalo Salvina alilishona mwenyewe wiki ile ya kamera na likachanika tena. Justa alikuwa anavuta bila kuambiwa sasa, jua linampiga usoni, pumzi ameishika.

"Mama, mbona anazidi kuwa mkubwa?"

"Anarudi," alisema Salvina.

Wakamvuta shamba zima, shingo zao zimegusana, kipicha kwa kipicha, hatua ambayo mashine ingeimaliza kwa kupepesa jicho wao wakiimaliza kwa kutazama mara kumi. Mkanda ulijaa sakafuni mpaka vifundoni. Hatimaye mgongo ukageuka. Mtu akawatazama, mkono kwenye nira, mdogo kama ukucha, ana mwanya.

Justa aligusa meno yake mwenyewe kwa ncha ya ulimi, pale yalipoachana.

Nje kengele ya chuo ikagongwa, na sauti za kina mama zikaanza kukaribia barazani. Justa akaangalia rundo lililokuwa miguuni mwao.

"Niukunje urudi kama ulivyokuwa?"

"Acha kwanza," alisema Salvina, bado ameuinua mkanda dirishani. "Ndiyo kwanza amefika."