Viti Viwili vya Gari Jekundu

Sisi tuliokua Rugenge, mtaa wa Uvira kando ya ziwa, wakati bendera zinabadilishwa tulijua kukimbia kabla ya kujua kusoma. Ukisikia mngurumo barabarani unaacha mchezo, unaacha hata muhindi uliouchoma mwenyewe, unajitupa ndani ya matete. Gari jekundu linapita. Lilikuwa dogo, limeinama chini kama paka anayewinda, halina paa, lina viti viwili tu. Mzungu wa kampuni ya pamba aliyeliendesha tulimwita Bwana Vumbi. Wakubwa walituambia ni gari la batumbula, wale wanaokamata watu na kunywa damu yao. Leo ningeuliza ni nani aliyeshuhudia. Siku zile nilijiuliza tu kama miguu yangu imefichika.

Jirani yetu Kashindi, tuliyelingana naye umri, alitengeneza magari ya matete yenye magurudumu ya kandambili kuukuu. Baba yake aliendesha lori la pamba kati ya Uvira na Lubarika, na kila aliporudi alitugawia miwa. Tulikaa kwenye mchanga, ndakala, vidagaa vya ziwani, zimeanikwa pembeni, harufu yake imeingia hadi kwenye nywele, tukatafuna na kubishana. Mimi niliuliza maswali hadi mama akachoka. "Mutoto wa kuuliza sana," alisema, "atajibiwa na fimbo."

Baada ya uhuru Bwana Vumbi alivuka ziwa na masanduku mawili. Baba alikuwa makanika wake, kwa hiyo alimwachia gari na maneno mawili: itunze, nitarudi. Likawekwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba yetu, na kila Jumamosi baba alilipangusa.

"Unapangusa kitu ya muntu haiko," mama alimcheka.

"Kazi ni kazi, mama Neema."

Mimi na Kashindi tulishindana nani atathubutu kuligusa. Unaweka kiganja, unahesabu hadi tatu, unakimbia. Sijawahi kufika tatu.

Kisha waasi wakaingia mjini, na hofu ikaacha kuwa mchezo. Walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa, risasi haziwapati, ilisemekana, mradi washike miiko. Mpiganaji asiguse mwanamke, wala asikalie mahali alipokalia mwanamke. Walipopita sokoni akina mama walijibana upande mmoja wa njia. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimuuliza mama kama na mimi nilihesabiwa mwanamke. Akanifinya sikio.

Walikuja kwetu mchana. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mimi nachambua ndakala. Watu watano, majani kichwani, na mkubwa wao mwenye bunduki. Walitaka gari jekundu na mtu wa kuliendesha, waende nalo uwandani kwenye vita. Mtaa mzima ulijua kuwa madereva waliochukuliwa kwenda huko hawakurudi.

Baba alisema injini imelala miaka.

"Utaiwasha," mkubwa alijibu, "ama tutakuwasha weye."

Baba akainama kuokota spana. Ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Sikuwahi kuona mikono ya baba ikiangusha chombo.

Mama aliacha mchi ndani ya kinu. Mikono yake ilikuwa ya kijani hadi kwenye viwiko. Akaingia kibandani, akafungua kile kimlango kidogo, akaketi kwenye usukani.

"Neema, panda," aliniambia.

Nikapanda.

"Toka mo!" mkubwa alipiga kelele.

"Nimekwisha kaa," mama alisema. "Minye mwanamuke. Huyu naye mwanamuke. Kiti ingine haiko."

Hivyo ndivyo nilivyopata jibu la swali langu. Mmoja wao alicheka, mkubwa akamtazama, kicheko kikafa. Bunduki ikatuelekea. Walitaka kututoa, lakini kututoa ni kutugusa. Nilihisi mkojo wangu ukienea kwenye ngozi ya kiti, wa moto, halafu wa baridi. Mama alikuwa ameshika usukani kana kwamba anaendesha. Mkubwa akatema mate, akarudi nyuma hatua moja, na wenzake wote wakarudi nyuma, kama watu waliokanyaga karibu na nyoka.

Walipoondoka hatukushuka. Tulikuwa bado tumekaa tuliposikia lori la pamba likiwashwa. Lilipita mbele ya nyumba, wapiganaji wamejaa juu, baba yake Kashindi kwenye usukani, anatazama mbele. Hakurudi.

Chuo kikuu kimenifundisha kudai ushahidi wa kila jambo. Je, wangelichukua lori hata kama sisi tusingekaa? Pengine. Huwa naanza hesabu hiyo, na kama zamani, sifiki tatu.

Juma lililopita serikali ililipiga gari mnada kando ya barabara ya Rugenge, kama mali iliyotelekezwa. Baba alikataa kuja. "Baliuze," alisema. "Nimechoka kumungojea ule Muzungu." Mnadi alipayuka: "Haijaguswa rangi, haijaguswa kiti! Munanunua vile iko!" Kutu imekula milango, nyekundu imekuwa ya kahawia. Vijana wenye suruali pana walipigana vikumbo wakaegemee boneti na kujifanya wanaendesha, huku wakiogopa jambo moja tu, kuchafua suruali. Kwenye ngozi ya kiti cha usukani niliona alama nyeusi za vidole, na nikajua zilianza zikiwa za kijani.

Kashindi alikuwa amefika kabla yangu. Hatukusalimiana. Alifungua kile kimlango, akakaa pale alipokaa mama, akaweka mikono kwenye usukani na kutazama mbele, sawasawa na baba yake siku ile. Kisha akapigapiga kiti cha pembeni.

"Kuya, Neema," alisema taratibu. "Si ni kiti yako?"

Kumbe alijua ni nani waliokaa humu siku ile lori la baba yake lilipochukuliwa. Miaka yote ya ubishi wetu tangu hapo, alijua.

Zamani gari hili lilikuja na tulikuwa na pa kukimbilia. Sasa haliwezi kwenda popote, halina hata matairi. Niligeuka kuyatafuta matete ya kando ya barabara, na palipokuwa matete pamejengwa maduka.