Madaftari ya Idi hadi Idi

Katika miji mingi ya pwani, duka likifungwa, madaftari yake huishia kwa muuza bajia. Kurasa huchanwa moja moja, na mteja hupewa kitafunio chake kimefungiwa ndani ya hesabu za watu waliokwisha kufa. Bi Alawiya wa mtaa wa Mkomani, kisiwani Amu, aliletewa bajia za namna hiyo siku moja, miaka mingi nyuma. Alipozimaliza aliukunjua ukurasa na kulikuta jina la mamake, limelowa mafuta, na kando yake: misumari ratili mbili. Hakumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo aliamua kwamba hesabu za duka lake hazitafungia kitu cha mtu yeyote, liwe wazi au lifungwe.

Duka lenyewe lilikuwa la vifaa vya ujenzi: boriti, chokaa, saruji, misumari na kamba. Alilirithi mwaka 1998, mumewe Harith alipofariki, na kabla eda haijaisha walikuwa wameshafika wanaume watatu kwa zamu kumweleza kwamba biashara ya boriti haimfai mwanamke. Aliwasikiliza kutoka nyuma ya pazia, akawashukuru kwa taabu yao. Eda ilipokwisha alifungua mlango wa duka saa moja asubuhi, akaketi mahali alipokuwa akiketi Harith, akafungua daftari.

Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni alikosoma Kurani, na kama mabibi wengi wa mji ule walivyozoea kuandika Kiswahili chao. Na mwaka wa duka aliuhesabu kama alivyouhesabu mkwewe kabla yake, kutoka Idi hadi Idi. Ramadhani ikiisha, daftari la zamani lilifungwa kwa uzi, na siku ya pili ya Idi lilianza jipya. Mwezi wa kwanza baada ya funga ni mfungo mosi, unaofuata mfungo pili, hivyo hivyo mpaka mfungo tisa, kisha Rajabu, Shaabani, na Ramadhani yenyewe kufunga hesabu. Juu ya kila ukurasa aliweka tarehe kwa tarakimu tu: siku, na namba ya mwezi.

Madaftari yaliyojaa aliyapanga zidakani, katika vile visanduku vya ukutani vilivyochongwa kwenye chokaa, ambavyo jamaa zake majumbani mwao wamevijaza sahani za kaure. Wageni waliokuja kupiga picha nyumba za kale walisikitika kidogo kukuta vitabu vya rangi ya kijivu mahali pa kaure. Bi Alawiya aliwaambia kaure ikivunjika hununuliwa nyingine. Kati ya vitabu aliweka majani ya mwarobaini, na kila mwaka, siku ya pili ya Idi, aliyashusha yote, akayaanika uani na kuyapekua ukurasa kwa ukurasa, maana unyevu wa bahari na mchwa hawana adabu.

Mwaka 2018 mpwa wake Fahmi, mtoto wa kaka yake, alimletea programu ya hesabu. Fahmi alizaliwa Nairobi na anafanya kazi huko. Amu huja kwa Idi. Alisema serikali sasa inataka hesabu za kompyuta, na hilo lilikuwa kweli. Basi kila Idi aliketi na shangazi yake siku kumi. Yeye Bi Alawiya alisoma bidhaa na bei, Fahmi akapiga vitufe. Maneno ya herufi za Kiarabu yalimshinda, lakini tarakimu alizijua, kwa hiyo tarehe hakumsumbua shangazi yake. Alizisoma mwenyewe juu ya ukurasa. Kisha akapeleka ripoti ya mwaka kunakohusika.

"Sasa haya unaweza kuyatupa," alimwambia Idi ya kwanza, akinyoosha kidole zidakani. "Yote yako kwenye wingu."

"Mawingu ya hapa hukaa siku mbili," alijibu Bi Alawiya, akaendelea kufunga uzi.

Duka alilifunga Idi ya 2021. Magoti yalikuwa yamechoka na wateja walikuwa wakinunua ng'ambo ya maji, Mokowe. Alilipa kila aliyemdai, akamwachia mwenye jengo funguo. Fahmi naye alisitisha malipo ya kila mwezi ya ile programu, kwani nani hulipia hesabu za duka lisilokuwepo? Laini ya simu ya duka ikaachwa bila salio mpaka ikafa. Kilichobaki ni madaftari ishirini na matatu ukutani, na kiwanja kimoja Langoni.

Kiwanja hicho kilikuwa cha Shifaa, bintiye wa pekee. Hati ilikuwa bado kwa jina la mama, lakini kila mtu alijua ni cha nani, maana katika ukoo wao binti huozwa akiwa na nyumba yake; haendi kukaa kwa watu. Mawe ya matumbawe yalikuwa yameshafikishwa, marundo manne, na mbuzi wa jirani walikuwa wakiyapanda kama jukwaa.

Barua ya ofisi ya kodi ilikuja Januari 2024. Ilisema kwamba katika mwaka 2019 duka lilikuwa limeuza saruji miezi mitano kabla ya kuinunua. Muuzaji wa Mombasa alikuwa ameonyesha kwamba mzigo ulitoka kwake Septemba. Ripoti ya Bi Alawiya ilionyesha umeuzwa Aprili. Kwa hiyo, iliendelea barua, ilikuwepo saruji nyingine iliyofichwa, na pengine na mali nyingine, kwa miaka mitatu mfululizo. Alitakiwa kulipa shilingi laki nane na elfu sitini, au kuleta kumbukumbu za kupinga katika siku thelathini.

Fahmi alichukua likizo ya haraka akaja. Njia nzima alikuwa amepiga hesabu, na alipofika alikuwa na jibu: kiwanja cha Langoni kiuzwe, walipe, mambo yaishe. Shifaa angeelewa. Hata bei alikuwa ameshamuuliza dalali.

Bi Alawiya alimwacha amalize. "Nikilipa," alisema, "nitakuwa nimekubali kuwa niliiba. Sikuiba. Na kiwanja si changu cha kuuza. Fungua hilo wingu lako tuone."

Wingu halikufunguka. Kwanza lilitaka malipo ya miezi yote iliyopita, ambayo Fahmi alilipa akiuma meno. Kisha likataka kuhakikisha kwamba yeye ni yeye, na namba ya siri likaituma kwa simu ya duka, ile laini iliyokufa. Fahmi aliipiga. Iliita. Aliyepokea alikuwa Bi Nusra, mwanamke wa Kiunga, aliyeinunua laini hiyo dukani mwaka uliopita kama laini nyingine yoyote.

Fahmi alimweleza kwa upole sana. Shangazi yake alikuwa na duka, duka limefungwa, sasa kuna namba sita zimeingia kwenye simu yake hivi punde, amsomee tu.

"Nikusomee," alisema Bi Nusra. "Na wewe nisomee kitambulisho cha mamako."

Fahmi alijaribu tena, akataja ofisi ya kodi, na hapo akaharibu kabisa. Bi Nusra alisema ameshaibiwa mara moja na kijana mwenye sauti nzuri kama yake, na huyo naye alikuwa wa serikali. Bi Alawiya, aliyekuwa akisikia yote, alinyoosha mkono akaichukua simu. Aliuliza hali ya Kiunga, akaulizwa hali ya Amu, wakaulizana ukoo kidogo. Kisha akasema, "Bi Nusra, mtu akikuuliza namba hiyo usimpe. Hata mimi usinipe." Akaagana naye vizuri, akarudisha simu.

Fahmi alishika kichwa. "Shangazi, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya pekee."

"Mwanamke yule yuwalinda chake. Mimi nitalinda changu. Nisomee hiyo orodha ya barua."

Barua ilikuja na orodha ya mauzo yaliyotiliwa shaka, ile ile ambayo Fahmi alikuwa ameipeleka mwenyewe. Alisoma kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa. Aprili kumi na mbili, mifuko mia na arubaini ya saruji, msikiti wa Siyu.

Bi Alawiya alimsimamisha. Mzigo ule aliukumbuka vizuri. Mafundi wa Siyu walikuja kuuchukua siku mbili baada ya Ashura. Na tena Aprili ni masika. Nani hupeleka saruji Siyu masika, aipakie kwenye punda kutoka mkondoni inakoshukia boti, ifike msikitini imeshakuwa jiwe? Alisimama, magoti yakalia, akaenda zidakani akarudi na daftari lililoanza Idi ya 2019. Alilifungua kabla ya katikati, akaweka kidole juu ya ukurasa.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Kumi na mbili, nne," alisoma Fahmi.

"Mwezi gani?"

"Wa nne. Aprili."

Bi Alawiya hakupaza sauti. Alimweleza mpwa wake, polepole, kama mtoto wa chuoni, kwamba huo ulikuwa mfungo nne, mwezi wa Ashura, mwezi wa nne tangu funga, na kwamba mwaka ule ulianguka Septemba. Fahmi alifungua kalenda ya simu yake, akatazama, akaiweka chini. Miaka mitatu. Alikuwa ameupindua mwaka mzima wa duka, mara tatu, na kila mara ulitoka sawasawa, miezi kumi na miwili, bila pengo.

"Naliandika mimi, ukasoma wewe," alisema Bi Alawiya, "na hakuna aliyemuuliza mwenziwe. Hilo ni letu sote. Lakini wizi haumo."

Kesho yake alivaa buibui, akatia madaftari matatu katika kikapu cha ukili, na hakukubali Fahmi ambebee. Ofisini walikutana na afisa mwenye faili, Bi Bochaberi, mwanamke kijana wa bara ambaye alikuwa na miezi mitano tu Amu na alikuwa bado akipotea vichochoroni. Alimkaribisha kwa heshima, akafungua daftari la kwanza, akaligeuza juu chini, akaligeuza tena.

"Bi Alawiya, mimi hii siwezi kuisoma."

"Mimi naweza. Niulize."

"Na nitajuaje kama hubuni?"

"Risiti za Mombasa zimo kwenye faili lako, na siku ya kufika kila mzigo. Mimi sijaziona. Nitajie tarehe moja, ya kizungu, risiti zenyewe uzifunike."

Bochaberi alimtazama, kisha akatazama saa, kisha akachagua. Tarehe tatu Februari, mwaka 2020. Bi Alawiya alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, akafungua mfungo tisa, tarehe tisa, akasoma: misumari ya inchi nne, maboksi kumi, ya inchi mbili, sita, nauli ya boti, boksi moja limepasuka njiani, limepunguzwa bei. Afisa aliinua karatasi iliyofunikwa. Maboksi yalikuwa kumi na sita.

Akachagua nyingine, na nyingine. Ya tano ilikuwa tarehe ishirini Novemba, 2019. Safari hii Bochaberi alikuwa ameshafungua kalenda ya Kiislamu kwenye simu yake, na alipomsikia Bi Alawiya akisoma mfungo sita, tarehe ishirini na mbili, alimkatiza. Simu ilisema ishirini na tatu.

"Simu yako iliuona mwezi?" aliuliza Bi Alawiya. "Sisi tuliutafuta usiku wa kwanza hatukuuona. Tukauona wa pili. Soma risiti."

Risiti ilikuwa ya chokaa, mifuko themanini. Daftari lilikuwa limeshasema themanini.

Bochaberi alisema kwamba yeye binafsi ameelewa, lakini faili halielewi. Alihitaji miaka yote mitatu kwa Kiswahili cha herufi za kawaida au kwa Kiingereza, na tarehe za Januari hadi Desemba, imetiwa sahihi, na madaftari yenyewe yabaki ofisini mpaka uamuzi utoke.

Nakala Bi Alawiya alikubali. Madaftari aliyarudisha kikapuni. "Sheria yenu yataka nitunze miaka mitano. Mimi nimetunza ishirini na sita, na leo mmepata faida yake. Yakilala hapa, nani atayaanika? Piga picha kila ukurasa ukitaka, nitakungoja. Lakini haya yalala kwangu."

Walingoja mpaka alasiri, na picha zikapigwa, kurasa mia nne na ushei.

Siku kumi na tisa zilizofuata, shangazi alisoma na mpwa akaandika, na safari hii kila tarehe iliulizwa. Uamuzi ulitoka Machi. Laki nane na elfu sitini zilifutwa. Zilibaki elfu kumi na moja mia tatu arubaini, kodi halali ya mauzo yaliyoangukia mwaka mwingine. Fahmi alitaka kukata rufaa hata kwa hizo. Bi Alawiya alimwambia hizo ni zake, akazilipa siku hiyo hiyo, akadai risiti yenye muhuri.

Siku ya pili ya Idi, Aprili, madaftari yalikuwa uani kama kawaida, na Fahmi ndiye aliyekuwa akipekua. Alikuwa amechapisha nakala tatu: moja yake, moja ya Shifaa, moja ya zidakani. Juu ya kila jalada alikuwa amebandika karatasi yenye tarehe mbili, ya mwezi wa Amu na ya kizungu. Langoni mafundi walikuwa wamewafukuza mbuzi na kuanza msingi. Kwenye mkeka, mbele ya Bi Alawiya, lilikuwepo daftari jipya, ukurasa wa kwanza: nyumba ya Shifaa, mawe, marundo manne.

Muuza bajia alipita, akaona karatasi zote zile zimetandazwa juani, akasimama mlangoni akauliza kama Bi Alawiya ana za kutupa.

"Nunua gazeti," alisema Bi Alawiya, bila kuinua kalamu.